Fainali ya Besiboli Iliyochezewa Kwenye Kipaza Sauti

Jumamosi nilikuwa Great Barr, huku ughaibuni tunakoishi, kwenye fainali ya ligi ya besiboli ya watoto wa mkoa huu. Mjukuu wangu ndiye angepiga wa kwanza. Tayari alikuwa ameshika gongo lake, na msimu huu wa baridi saa kumi jioni giza huwa limeshaingia.

Mwenyekiti wa ligi, mwenzetu wa kutoka Kenya, akashika kipaza sauti. Akamkaribisha makamu wake, makamu akamkaribisha mlezi wa ligi, naye mlezi akawatambua wageni waheshimiwa mmoja mmoja. Wakasimama wakipunga mikono, na wote walikuwa wazazi tu kama mimi.

"Nyanya, tunacheza ama?" mjukuu akaniuliza.

"Ngoja, mweka hazina bado hajasalimia."

Mweka hazina alipomaliza kusalimia, refa akatazama juu, akasema mpira hauonekani tena, watu waende nyumbani. Mtoto akabaki na gongo lake, hajapiga hata mpira mmoja.

Mwenyekiti hakushtuka. "Mama, wewe ndiye mkubwa wetu. Tupe neno la kufunga."

Nikakishika kipaza sauti. "Fainali imekwisha," nikasema, "na mshindi ni mwenyekiti."

Watu wakapiga makofi, mwenyekiti akiwashinda wote.