Nilijaribu Programu, Khalif Akapoteza Jicho

Kosa ni langu, jamani! Si la kompyuta, si la walioandika ile programu, wala si la wakimbizi wenye njaa. Mtu alipasuliwa jicho kwa sababu yangu, na mimi nimejikunyata chini ya meza, natazama.

Mimi ni kijana wa Takaba. Shule niliachia kidato cha pili, lakini ndoto nilikuwa nazo za kujaza lori. Nilijifunza kompyuta kidogo Garissa mjini, nikapata kazi ya kuchapa katika ofisi ya chakula kwenye kambi moja huko Dadaab. Nilikuwa naimba nikizipangusa vumbi zile mashine! Niliwaza, ipo siku nitapita Takaba watu waseme: yule pale, mtu wa kompyuta.

Rafiki yangu wa Nairobi akanitumia sidii. Ndani yake kulikuwa na programu ya kusimamia kompyuta zote za ofisi ukiwa umekaa kwenye moja tu. Ilikuwa ya bure, na walioiandika walimruhusu yeyote aichungulie ndani na kuirekebisha. Ila haikuwa imekamilika. Lilikuwa toleo la majaribio, na maandishi ya kwanza kabisa yalionya: usiiweke kwenye mashine za kazi.

Chini yake waliandika kwamba atakayewaeleza kasoro zake, jina lake litawekwa ndani ya programu, mahali pa shukrani. Wallahi, onyo sikuliona tena. Niliona jina langu tu!

Nikaiweka alasiri, wenzangu wameenda kuswali, na kesho yake ni siku ya mgao. Vitaa vya kijani vikajipanga kwenye kioo. Niliruka kwa furaha!

Khalif akanikuta naruka. Alikuwa mtunza stoo wetu, mkimbizi naye, mtu mzima mwenye watoto. Aliniita adeer, kama mtu anavyomwita mtoto wa kaka yake, nami nikamwita hivyo hivyo.

"Adeer, umeona msichana humo ndani?"

"Nimeona maisha yangu, adeer!"

"Haya. Hiyo kombyuta itakuoa." Akacheka, akaenda zake.

Asubuhi mashine zote zilidai neno la siri ambalo sikuwahi kuliweka. Nilihangaika mpaka jasho likadondokea vibonye. Hakuna iliyofunguka! Bila kompyuta hakuna karatasi za mgao, na bila karatasi gunia halitoki.

"Nani amegusa hizi?" bosi akauliza.

Nikatazama viatu vyangu. "Sijui."

Neno moja! Laiti ningesema "mimi", angetoka mwenyewe kuwaeleza watu. Badala yake akamtuma Khalif dirishani.

Nje akina mama walikuwa wamepanga foleni tangu alfajiri. Pale kila mtu huweka jiwe lake kwenye mstari kushika nafasi, kisha anakaa kivulini.

"Leo hakuna chakula!" Khalif akatangaza. "Kombyuta imekataa!"

"Kwani kombyuta inakula unga?" mama mmoja akamjibu, watu wakacheka. Kicheko hakikudumu.

"Ukoo wako wameuza chakula chetu!" kijana akapaza sauti. "Tuug! Mwizi!"

Yale mawe ya foleni ndiyo yaliyoruka kwanza. Mabati yalilia kama risasi. Mlango ukang'olewa, nikapiga mbizi chini ya meza. Walimburuta Khalif kwa shuka lake la kiunoni mpaka likachanika. Walimkanyaga mbavu. Mmoja akaokota kopo la bati, lile lile ambalo Khalif huwapimia unga, akampiga nalo usoni, akampiga tena, ukingo wake ukazama jichoni. Damu ikatiririka juu ya unga uliomwagika, ukawa donge jekundu. Alikuwa ananiangalia! Kinywa chake kilisema, "Adeer." Sikusogea.

Polisi walipofyatua risasi hewani, watu wakatawanyika, wengine wakikanyagana. Mama mmoja alivunjika mkono.

Wazee wakakaa maslaha kusuluhisha koo mbili, wa Khalif na wa waliompiga. Kabla ya kikao nilimweleza abti yangu, kaka ya mama. Akanishika ukosi. "Ufunge mdomo! Ukisema, jicho la yule litakuwa deni la ukoo wetu wote. Wadogo zako watakunywa nini, ngamia wakitolewa fidia?" Nikafunga. Wazee walipouliza nani aliharibu kompyuta, hakuna aliyejibu, na mimi ndiye niliyekuwa nawamiminia chai! Wakaamua Khalif alichokoza kwa maneno yake, kila upande ubebe jeraha lake.

Baadaye niliwaandikia wale watu wa programu kuhusu ile kasoro. Wakashukuru sana. Toleo lililofuata likaja na jina langu ndani.

Khalif aliposikia, alikuja na kibuyu cha maziwa ya ngamia, jicho limefungwa kitambaa. "Jina la adeer yangu limefika ng'ambo!" Alinimiminia kwa mikono yake. Sikuyanywa. Nikamwambia yote.

Aliweka kibuyu chini. Kisha akaniuliza, "Chini ya meza, uliniona?"

"Nilikuona."

Akafunika kibuyu, akaondoka nacho.

Ndugu msomaji, hasa wewe kijana mwenye ndoto kama mimi: kitu kisichokamilika kijaribie kwenye chako, si kwenye chakula cha watu! Na ukishaharibu, sema pale pale, wakati mawe bado yako chini. Usimsikilize abti wala nani. Mimi nilisema nikiwa nimechelewa.

Khalif tunakutana bado kila siku ya mgao. Salamu anaitikia, ila haniiti adeer tena. Akinihitaji, anageuza lile jicho moja upande wangu, anawauliza walio karibu, "Yuko wapi mtu wa kombyuta?"