Yule Baba wa Kwenye Filamu

Kwenye karakana yetu ya makochi, Jumatatu asubuhi hakuna anayegusa kazi mpaka filamu zijadiliwe. Seremala hukalia fremu ambayo bado haijavishwa, mimi hukaa nyuma ya cherehani yangu, na bosi wetu, mama mfupi mwenye sauti ndefu, husimama mlangoni akijifanya amekuja kutuhimiza. Hapo bunge linaanza. Nani kaona nini Jumapili, nani kaigiza vizuri, nani katupotezea muda.

Seremala ni mtu wa filamu za ngumi. Kwake yeye mwigizaji ni yule anayejua kuanguka. "Jamaa ana kifua, ana sura, lakini hajui kufa," atakwambia. "Kapigwa risasi, badala ya kuanguka anatafuta kwanza pa kulalia!" Mimi napenda za familia, zile za wakwe na urithi, na nina ugomvi wa kudumu na waigizaji wanaolia machozi debe zima na wanja usichuruzike. Bosi anapenda zozote zenye harusi. Tunabishana mpaka anapiga makofi na kutukumbusha kwamba filamu hazilipi mishahara.

Zamani bingwa wa bunge hili alikuwa Mzee Sponji. Jina tulimpa sisi wenyewe, kwa sababu akibonyeza mto kwa kidole gumba anakwambia umejazwa nini na utabonyea lini. Yeye ndiye fundi mkuu wa kuvisha. Jumamosi jioni alikuwa anaangalia filamu na mkewe, na mkewe alikuwa na udhaifu mmoja tu duniani: hajawahi kufika mwisho wa filamu akiwa macho. Kwa hiyo asubuhi yake mume humsimulia palipobaki, kwa sauti zote, ya jambazi, ya mama mkwe, ya mtoto, hata ya mbwa. Akifika kwetu Jumatatu ameshafanya mazoezi. Aliweza kumwigiza mwigizaji anayemwigiza mlevi, na ukayaona makosa ya wote wawili. Bosi alishika mbavu akasahau kabisa kwamba alikuja kutuhimiza.

Mkewe alifariki wakati wa mvua, kwa ugonjwa wa ghafla.

Tangu hapo Mzee anakuja kazini kama kawaida. Anakata kitambaa, anavuta mikanda ya mpira chini ya viti, anapiga pini. Ukimsalimia anaitikia. Jumatatu anakaa nasi kama zamani, na ukimuuliza kaona nini, anaitaja filamu. Ukimuuliza ilikuwaje, anakupa habari za makochi. Kochi la yule tajiri lina miguu ya plastiki. Kiti alichofungiwa yule mateka kimeshonwa upande. Siku ya kwanza tulidhani ni mzaha mpya, na Seremala alicheka mpaka akakohoa. Mzee alitutazama kama mtu anayengoja mwenzake amalize kuongea na simu, kisha akarudi kwenye meza yake.

Siku moja nilimuuliza kwa hasira, maana hasira zangu mimi hazikai mbali.

"Na watu je, Mzee? Hao waliokalia hayo makochi huwaoni?"

"Nawaona, dada," akasema. "Wanapita tu."

Sasa, mtu huyu asiyeona nyuso kwenye filamu ana mtoto mmoja, na mtoto huyo ni mwigizaji. Si nyota. Alianza kama mtu wa nyuma, yule anayepita na ndoo wakati wakubwa wanazungumza. Enzi hizo Mzee alituletea filamu nzima karakanani ili tuione hiyo ndoo. "Simamisha! Rudisha nyuma! Si huyo hapo?" Tulikuwa tunamwona bega na nusu ya kichwa, tunasema ndiyo, kaigiza vizuri sana.

Ugomvi wao ulianzia kwenye mazishi ya mama. Mimi nilikuwepo, niliona kwa macho yangu. Watu wanalia, mchanga unaingia kaburini, na Mzee yuko pembeni anashughulika na viti vya kukodi. Anavipanga, anavihesabu, anavipanga upya. Akakipindua kimoja, akautazama mguu wake. Binti yake akamfuata mbele ya watu wote.

"Baba, mama anafukiwa, wewe unahesabu viti? Hata chozi moja?"

Mzee akajibu, "Hiki kimepasuka. Mtu asije akaanguka."

Binti aliondoka siku ileile, na tangu hapo simu ya baba yake hakuipokea.

Yangu alikuwa anaipokea. Ananiita shangazi, ingawa undugu wetu na baba yake ni wa kuchangia gundi na uzi. "Shangazi, anakula?" Anakula. "Analala?" Anasema analala. "Amelia?" Hapo nilikuwa naanza kumsimulia habari za hali ya hewa. Kusema kweli nilikuwa namkasirikia yule mzee kwa niaba ya marehemu. Mwanamke kaishi naye miaka yote ile, kampikia, kamsinzia begani, halafu mtu anakaa mkavu kama ubao wa Seremala. Nilimwona hana shukrani. Nasema nilivyoona.

Ndipo binti akapata nafasi kubwa, ya kwanza maishani mwake. Kwenye filamu hiyo yeye ni msichana anayefiwa na mama. Akanitumia filamu kwenye flashi, kwa mkono wa mtu, kisha akanipigia.

"Shangazi, nenda ukaiangalie naye. Nataka kujua atasema nini."

"Unamjua baba yako."

"Ndiyo maana. Akikaa kimya na kwa hili, basi. Mimi sirudi tena kwake. Nimechoka kuwa na baba ambaye hayupo."

Hakusema kwa kufoka. Angefoka nisingeshtuka. Alisema taratibu, kama mtu aliyekwishafunga mizigo na anangoja usafiri tu.

Jumapili mchana nikaenda. Kinyozi hajinyoi: kochi la Mzee mwenyewe limechanika mkono, sponji inachungulia. Chumba kilikuwa kisafi, kila kitu mahali pake, na kimya cha nyumba ambayo redio yake haiwashwi. Akaniachia kochi lote, yeye akakaa kwenye kigoda, karibu na televisheni, mikono juu ya magoti.

Filamu ikaanza. Binti alikuwa amekonda, au walimkondesha. Baba yake humo ndani aliigizwa na mzee mmoja maarufu mwenye ndevu nyeupe, ambaye hata Seremala anamheshimu ingawa hajawahi kumwona akipiga mtu ngumi. Na kwenye mazishi, mzee yule alilia. Alilia jamani! Alipiga magoti udongoni, akamwita mkewe kwa jina, akamvuta binti kifuani, machozi yakashuka mpaka kwenye ndevu. Nililia na mimi, leso yote ikalowa, na mimi si mtu wa kulizwa ovyo na waigizaji.

Nikamtazama Mzee Sponji kwa pembeni. Hapepesi. Kwenye lile kaburi la kuigiza alisogeza kigoda mbele kidogo, akakaza macho. Nikasema moyoni, haya, sasa inakuja. Nikajiandaa kuinuka nimshike bega.

Haikuja. Majina yakapanda juu mpaka yakaisha. Mzee akachomoa flashi, akaifuta kwa upindo wa shati, akanikabidhi.

"Asante kwa kuja, dada."

Nikangoja. Nikangoja mpaka nikachoka. "Basi? Ndiyo hivyo tu?"

Akafikiri. "Kochi la sebuleni kwao ni jipya. Hawajatoa nailoni miguuni."

Nilitoka bila kuaga. Njia nzima nilikuwa natunga uongo wa kumwambia yule mtoto.

Jumatatu bunge lilikutana mapema. Filamu ilikuwa imeonyeshwa kwenye televisheni jana yake usiku, kila mtu ameiona na kila mtu ana maoni. Walimsifu kwanza binti, na hawakumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa, walimsifu kwa haki. Bosi alisema wanja ulichuruzika sawasawa, akanitazama mimi nithibitishe, nikathibitisha. Kisha wakahamia kwa yule mzee wa ndevu.

"Kaniliza mimi," Seremala akasema, akijipiga kifua. "Mimi, mtu wa ngumi! Mke wangu aliwasha taa akidhani nimebanwa na kifua."

"Yule ndiye baba," Bosi akadakia. "Ukimtazama unajua kabisa mkewe kapendwa. Si hawa wengine wa..."

Akaishia hapo. Ulimi hauna mfupa, na Mzee Sponji alikuwa amesimama nyuma yake, anavuta mkanda kwenye fremu iliyolala mezani kwake. Bosi akaanza kutafuta funguo ambazo alikuwa amezishika. Seremala akainamia ubao usio na kasoro yoyote akaanza kuukagua.

Mzee akaukaza mkanda, akapiga pini.

"Amelia vizuri yule," akasema.

Tukamgeukia sote. Tangu mkewe afariki hatukuwahi kumsikia akitoa maoni juu ya mtu.

"Alianza wakati wa kuanza," akaendelea, macho kwenye mkanda. "Akamshika mtoto wakati wa kumshika. Ndivyo inavyotakiwa."

Sauti yake ilikuwa ileile anayotumia kutaja vipimo vya kitambaa. Simu yangu ikaita hapohapo juu ya cherehani. Alikuwa binti.

"Shangazi, kasema nini?"

Uongo wangu ulikuwa tayari, mzuri, umepigwa pasi. Baba yako kasema umeigiza vizuri sana, kaona fahari, chozi lilimlenga. Nikafungua mdomo, na hasira ikanijaa, nikajiuliza mimi ni nani mpaka nimtungie mtu baba. Nikainuka, nikaenda hadi meza ya Mzee, nikawasha spika na kuilaza simu juu ya kitambaa mbele yake.

"Muulize mwenyewe," nikasema. "Huyu hapa."

Mzee akaacha kuvuta mkanda.

"Baba?"

Mzee aliitazama simu. "Naam, mama."

"Umeiona?"

"Nimeiona."

"Umeonaje?"

Nilimkazia macho nikimwomba Mungu asitaje nailoni.

"Yule baba amelia vizuri," akasema.

Upande wa pili ukasikika mguno, kama wa mtu aliyetarajia kipigo na kikatua palepale alipotarajia. "Ile ni dawa, baba. Wanampaka chini ya macho, inawasha. Akimaliza ananawa anaanza kuulizia dereva wake."

"Hata kama. Mimi nisingeweza."

"Najua." Kisha, kwa sauti ndogo, "Na mimi je?"

"Wewe hawakukupaka."

"Nani kakwambia?"

"Ulishika sikio." Mzee aliweka chini mkanda. "Tangu mdogo ukilia kweli unalishika la kushoto, unalivuta chini. Ukilia kwa kutaka kitu, hulishiki. Mama yako hakuwahi kuijua tofauti, alikuwa anakupa tu."

Kitu kikasikika kwenye simu, sijui kicheko sijui nini. Bosi alikuwa ameacha kutafuta funguo.

"Siku ile pia ulilivuta," Mzee akasema. "Pale kaburini. Nilikuwa nakuona. Nilitaka kuja niutoe ule mkono, nikushike. Miguu haikuja. Viti vilikuwa karibu."

"Baba. Si ungeniambia?"

"Ningekwambia nini? Hakuna kitu, mwanangu. Nikitafuta ndani sioni kitu, si huzuni, si nini. Nakaa pale kila Jumamosi naweka zile za kulia, za misiba, nasema labda leo yatakuja. Hayaji. Nakaa naangalia makochi."

Alisema bila kutikisika, mikono imelala mezani. Mimi niliyemwita ubao nilitazama sakafu. Seremala alikuwa amevua kofia, sijui kwa nini, hata yeye nadhani hajui.

"Jumamosi nakuja," binti akasema, na sauti ikamkatikia katikati.

"Njoo."

Hakukata. Tukawa tunasikia pumzi zake tu, zinakwama, zinatoka, zinakwama tena. Mzee akainama mpaka mdomo ukakaribia simu.

"Umeshika sikio?"

"Ndiyo, baba."

"Liachie basi, mama. Litakuuma."