Injini ya Kutoka Nje

Gari letu la kifahari tulilitengeneza kwenye gereji ya nyuma ya nyumba, Mbinga mjini, kaka yangu na mimi. Bodi tuliigonga wenyewe kwa nyundo, ikatoka ndefu ya kiheshima, na milango ikawa inafunga kwa sauti ndogo ya kiungwana. Tulikusudia kuunda mengine ya kukodisha maharusi. Hili la kwanza lingemshusha mdogo wetu wa kike hadi Mbamba Bay, kule ziwani, alikokuwa anaolewa.

Injini ndiyo haikuwa yetu. Nani Mbinga angeyeyusha chuma aunde injini? Tuliagiza kwa mfanyabiashara wa Songea, akatuletea ya Kijapani, yenye nguvu ya kupanda milima ya kurudi kutoka ziwani. Kaka hakuona tatizo. Mimi ilinikera, hasa jirani mmoja alipolizunguka gari, akaisifu rangi, kisha akafunua boneti na kucheka: "Kumbe gari lenu, roho ya watu!"

Mimi ni mtu wa hasira, sikatai. Jioni ile nilichukua tupa nikaanza kukwangua jina la kiwanda kwenye injini. Wakifunua tena, wakose cha kusoma.

Mama akaja na chai. "Unakwangua nini, baba?"

Nikamwambia nataka gari liwe letu kweli.

Alicheka kidogo. Mama ni Mnyasa. Baba alimtoa ziwani akamleta huku juu kwa Wamatengo, na hadi leo akikasirika hugomba kwa Kinyasa, na mbele ya usipa, dagaa wa kwao ziwani, haoni mboga nyingine. Bibi mzaa baba alikufa bado anamwita mgeni.

"Na mimi nilitoka nje," akasema. "Nyumba hii imeenda kwa nguvu zangu. Baba yenu angenikwangua wapi?"

Maneno yale yalinichoma. Tupa nikairudisha kwenye sanduku.

Siku ya harusi injini haikukohoa hata mara moja. Tulipofika, wazee wa upande wa bwana harusi walinitaka niseme neno la kumkabidhi bibi harusi. Nilikuwa na hotuba ndefu yenye methali, ikanipotea yote. Nilimtazama mdogo wangu, kaketi katikati ya mashangazi wasiomjua, nikaumia.

"Tunawaomba kitu kimoja tu," nikasema. "Msimkwangue."

Wakwe wakatazamana, hawakuelewa. Mama peke yake ndiye aliyepiga kigelegele.