Shule ya Ugomvi

Waandishi wa habari wakimuuliza mwimbaji wetu wa jazi nani alimfundisha, humtaja bibi yake, mshona mapazia, nao hucheka. Wanataka jina la mtu mwenye santuri, si mwenye mkasi. Shauri yao.

Bibi hakuimba hata siku moja. Alichojua ni kugombana. Jirani akija juu, akapayuka uani mpaka povu likamtoka, bibi alimwacha amalize. Alikunja kitambaa. Alichomoa pini mdomoni, moja moja. Jirani alipodhani ameshinda na kugeuka aondoke, ndipo bibi alipotoa neno moja, taratibu, na jirani akarudi kwake hana hamu.

Mjukuu aliyasikia hayo kwa miaka kumi, akicheza chini ya meza ya kukatia. Ndiyo maana leo bendi ikishafika kwenye mstari wa wimbo, yeye bado hajaanza kuuimba. Mpiga dramu alimwomba kwa adabu, kisha bila adabu, awe anaingia kwa wakati.

"Nimekusikia," alimjibu, kesho yake.

Jumapili moja alasiri alimleta bibi ukumbini. Wimbo wa mwisho ulipokwisha watu walisimama, wakapiga makofi, wakatoka. Bibi alibaki amekaa. Viti vikapangwa. Mpiga dramu akafungasha dramu zake zote. Bibi akafuta miwani, akaivaa, akamtazama mwimbaji.

"Mjukuu wangu," akasema, "ulikuwa unawahi wapi?"