Kisima Nilichokiongeza Kina

Kisima chetu cha Mbweni kilikuwa kinanifika kifuani, na mamdogo hakutaka kiongezwe hata kiganja. Tulilima matembele kwenye kiwanja cha mtu ambaye hajajenga, na matembele hayo ndiyo yaliyotulisha na kutuvisha. Kila asubuhi, kabla ya kushika keni ya kumwagilia, mamdogo alichota maji kwa kiganja, akayaonja, akayatema, akasema, "Haya, tumwagilie." Mie niliona ni mazoea tu, kama mtu anayerudi kujaribu kitasa cha mlango aliokwisha kuufunga.

Akaenda msibani Tanga wiki nzima, bustani akaniachia mie. Pembeni ya matembele nilikuwa nimepanda miche yangu ya hoho. Kichwani mwangu hoho hizo zilishafika hotelini, zinakatwa na mpishi mwenye kofia ndefu, na mie nimeshanunua pikipiki. Ishu ni kwamba ikifika saa nne asubuhi kisima kinakauka. Nikaingia na koleo, nikachimba mpaka kikanipita kichwa. Maji yakaja mengi, yanang'aa. Niliyapiga picha. Kuyaonja sikuyaonja.

Siku ya nne kingo za majani ya hoho zikawa kahawia. Nikadhani ni kiu, nikaongeza maji.

Jirani yetu anayelima mchicha akaja akasimama kwenye tuta.

"Injinia, umeonja?"

"Maji ni mengi siku hizi, braza."

"Sijauliza wingi." Akachota, akaonja, akakunja uso. "Haya ukipikia wali huhitaji chumvi. Huku maji baridi yanakaa juu, chini yake ni bahari. Wewe umeenda kuipigia hodi."

"Sasa nifanyeje?"

"Mamdogo wako anarudi lini?"

"Kesho kutwa."

"Pole sana."

Mamdogo alirudi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akapita kwenye hoho bila kusimama. Zilikuwa zimeshakufa. Kwenye matembele akapiga magoti. Majani yalikuwa yameungua, lakini akikwaruza shina kwa ukucha, ndani bado kijani.

"Ulichimba ili iweje?"

Nikamweleza yote: hoteli, mpishi, mpaka kofia yake. Alisikiliza vizuri tu.

"Na hiyo pikipiki ni ya rangi gani?"

"Nyekundu."

"Kalete toroli."

Nilifukia kwa mchanga siku tano, kwa sababu tairi la toroli lilikuwa na pancha. Yeye alikuwa anabeba ndoo kutoka kisima cha jirani, anayamwagilia matembele kwa wingi ili chumvi ishuke chini. Moyo uliniuma kila nikimwona anabadilisha mkono.

Siku ya tano mchana nikaona machipukizi, madogo kama masikio ya panya. Nikaruka matuta mawili kwenda kumwita.

Akasema ameyaona tangu juzi. Alikuwa anasubiri nimalize kufukia.