Hamra ya Mama

Mama yangu alionja kitu kimoja mara moja tu, kisha akatusumbua nacho kwa miaka.

Tulikuwa wakimbizi Zaire, upande wa Aru, baada ya vita vya mwaka wa sabini na tisa kututoa Arua na vyungu kichwani. Mama alipata kazi ya jikoni kwa mfanyabiashara wa kahawa, Mzungu mzee aliyependa kula kimya. Jumapili, akishamaliza chakula, mzee huyo alijimiminia kitu cha rangi ya chai kavu katika kikombe cha kioo ambacho kisingemshibisha hata kuku. Alikinywa taratibu, amefumba macho. Siku moja alibakiza tone, na mama, aliyekuwa akikusanya vyombo, akaliweka ulimini. Alituambia alisimama pale na kitambaa mkononi mpaka maji ya kuoshea yakapoa. Alipopata ujasiri wa kumuuliza mzee, akajibiwa kwamba ile ni pombe ya lozi, na lozi ni mbegu ya tunda la kwao ambalo huku halioti.

Mtu mwingine angesema basi, si riziki yangu. Mama hakuwa mtu mwingine.

Tuliporudi nyumbani Ediofe, pale Arua, tulikuta kuta bila paa. Mama akapata pipa na mrija wa shaba, akaanza kupika waragi, pombe kali ya muhogo, ile tunayoiita lira-lira, nyuma ya nyumba karibu na kijito. Kengele za kanisa kuu zikilia, alifunika moto, akanawa mikono, akaenda misa akiwa na harufu yake ile ile, na akapiga magoti mbele kabisa. Watu walisema mengi, lakini wakitaka waragi isiyoumiza kichwa walikuja kwake. Yale maji ya kwanza yanayotangulia kwenye mrija aliyamwaga chini kila mara. Alisema hayo ni ya shetani, kila mtu apewe chake.

Na lozi haikumtoka moyoni. Alitwanga karanga akazilowesha katika waragi, akapata kitu chenye mafuta juu, kama maji ya kuoshea sufuria. Alijaribu kungu, yale matunda ambayo watoto wa shule za misheni hupasua kwa mawe wapate kiini. Kiini cha kungu ni kitamu, sikatai, lakini ndani ya waragi kilikuwa na ladha ya majani. Akaja na kiini cha embe. Hicho tulikionja mimi na yeye, tukakaa jioni nzima ndimi zimekufa ganzi, tukiongea kama watu waliong'olewa meno. Majirani wakaanza kumwita Mama Lozi. Aliitika.

Miaka ya mwisho ya themanini nikapata mchumba. Alikuwa fundi cherehani kutoka Koboko, Mnubi na Mwislamu, mtoto wa mwanajeshi wa zamani. Kwao nao walikuwa wamekimbia, wao upande wa Sudani, wakarudi kukuta kuta kama sisi. Kwa hiyo hatukuwa na cha kuringiana, ungefikiri. Lakini habari zikafika Koboko kwamba mama wa msichana ni mpika waragi, na shangazi wa mchumba wangu akasema maneno ambayo niliyasikia kabla sijamwona yeye mwenyewe. Kule, mama wa bibi harusi hutengeneza humra kwa mikono yake, manukato ya maji mazito ya rangi ya kahawia yanayokaa kwenye chupa mpaka yaive, na siku ya harusi binti hupakwa humra ya mama yake ili atoke na harufu ya kwao. Shangazi akauliza, "Na yule wa Arua ataleta nini? Moshi ya pipa?"

Maneno hayo yalimfikia mama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema tu kwamba siku ya harusi atanibariki akiwa Ediofe. "Mimi siendi kukaa mulangoni kama gunia ya makaa," akasema. Nikamwambia kama haji, siolewi. Alijua nina kichwa kigumu, kwa kuwa alinipa yeye. Tukanuniana.

Katika siku hizo za kununiana nilikwenda Koboko kumsalimu mama mkwe. Nilitegemea mtu wa kelele kama yule shangazi, nikamkuta mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, ambaye wanawake wa mji mzima walimtegemea kwa manukato ya maharusi. Mikono yake ilinukia kabla hajafika. Hakuniuliza chochote kuhusu pipa. Nilipoaga alinifunga kichwani kitambaa alichokuwa amekihifadhi kwenye sanduku la manukato yake.

Nilirudi Ediofe jua likiwa bado kali. Mama alikuwa ameinama akichochea moto, amenipa mgongo, maana bado tulikuwa hatusemezani. Nilipita nyuma yake. Akanyanyuka. Kwanza nilidhani mgongo umemshika. Akaniambia, taratibu kabisa, "Rudi hapa."

Nikarudi. Akanivua kitambaa, akakizika usoni mwake. Kijiti cha moto kilikuwa bado mkononi mwake, kikitoa moshi, akakisahau. Aliponitazama macho yalikuwa yamejaa machozi. "Hii," akasema. "Hii ndiyo ile."

Naomba mnielewe. Kwa miaka yote ile sikuwahi kuamini kabisa kwamba lile tone lilikuwepo. Nilidhani ni njaa ya ukimbizini, mtu anaonja kitu kitamu katikati ya shida na akili inakikuza. Na sasa mama yangu amesimama nyuma ya nyumba na kitambaa cha mkwe usoni, na ndani ya kitambaa hicho mlikuwa na meza ya mzee wa kahawa, na Jumapili zake, na ule ukimya. Nikanusa na mimi. Harufu ilikuwa tamu na chungu kwa pamoja.

Ilikuwa mahalabu, kama mama mkwe alivyoniambia nilipomuuliza. Ni mbegu ndogo, ndogo kuliko dengu, zenye rangi ya ngozi ya kitunguu, na wafanyabiashara wa Sudani walizileta soko la Koboko kwa ajili ya maharusi. Nilimnunulia mama za kujaa kikombe. Siku hizo hapakuwa tena na kununiana.

Alipika waragi yake mara mbili, ya pili kwa moto mdogo sana, mpaka kijiko chake kikiwashwa kiberiti kilitoa ule moto wa buluu ambao mchana huuoni, unauhisi kwa kidole. Alitwanga mahalabu kwenye kinu, si mpaka ikawa unga, akaifunga katika kitambaa safi na kuitumbukiza ndani ya waragi katika chupa kubwa ya kioo. Chupa ikakaa chini ya kitanda chake. Kila asubuhi, kabla ya sala, aliitikisa na kuisikiliza, sijui alisikiliza nini. Ilipokuwa tayari akaunguza sukari kwenye sufuria mpaka ikaanza kulia na kuwa nyeusi kidogo, akaizima kwa maji moto, akaichanganya humo taratibu. Rangi ikaja yenyewe, ile ile ya chai kavu.

Alinipa kijiko kimoja. Mimi si mnywaji, na sitawaambia uongo kwamba niliona mbingu. Lakini nilikaa chini. Kitu kilichotoka kwenye pipa lililoungua, na muhogo wa shamba letu, na mbegu ya kujipamba ya watu waliotucheka, kilikuwa kimekuwa kitu kimoja, laini, na hakuna aliyemfundisha mama. Alikuwa ameshika ladha kichwani kwa miaka, akavuka nayo mpaka, akaileta nyumbani bila kumwagika. Nilimwogopa kidogo siku ile, kama unavyoogopa mtu unayedhani unamjua.

"Sasa nitaenda Koboko," akasema, akifunga kizibo.

Mimi nilitangulia Koboko siku moja kabla; siku ya harusi mama, wajomba na wanawake wa parokia wakafuata kwa pikapu. Wajomba walilazimisha chupa moja ya ile pombe iwepo njiani, na ilipobaki nusu mama aliwanyang'anya, akaisokomeza ndani ya kikapu chake chini ya vitenge. Walipofika, shangazi yule yule alikuwa mlangoni akipokea vikapu. Mama hakutaka kuingiza pombe kwa siri katika nyumba ya Kiislamu. Alikuwa amewauliza wake za wanajeshi Arua wanaitaje pombe kwa lugha yao ya Kinubi, wakamwambia ni hamra. Basi akamwinamia shangazi, akamnong'oneza kwa heshima neno lake alilojifunza, "Iko chupa ndani. Iko hamra. Uweke mbali."

Shangazi akasikia humra. Akatoa chupa, akaona rangi ya kahawia, akafungua, akanusa. Mahalabu. Uso wake wote ukabadilika. Akapiga kigelegele, akaingia nayo ndani ameiinua juu, na nyuma yake wanawake wakaitikia kwamba mama wa Arua amekuja na humra yake.

Mimi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka katikati ya chumba, nimeshaoshwa, nimeshasuguliwa mwili kwa unga wa manukato. Shehe alikuwa uani na wanaume. Nikaona chupa inakuja. Nikamwona mama mlangoni nyuma yake, mkono kinywani, na nikaelewa yote. Ningeweza kusema mimi, lakini nilichelewa. Shangazi alikuwa ameshamimina kiganjani na kuanza kunipaka mkono wa kulia, kuanzia bega. Baridi yake ilinifanya nitetemeke.

"Humra ya Arua nzuri," shangazi akasema. Kisha akasema, "Lakini inanata."

Wanawake wakacheka. Mwingine akashika mkono wangu naye akanata. Wakataniana kwamba hivyo ndivyo bwana hatakimbia. Kilikuwa kicheko kizuri, cha kutupokea, na nilijua mama anakisikia. Alichotaka kwa miezi kilikuwa mbele yake. Shangazi mwenyewe alikuwa anamsifu. Hakuna mtu angejua kamwe. Alihitaji kukaa kimya tu.

Mama akasema kutoka mlangoni, kwa sauti ya kawaida, "Hiyo haiko humra. Iko pombe. Nilipika mimi."

Shangazi alitazama kiganja chake kama kimeungua. Mtu akasema jina la Mungu. Mmoja akaniondolea kitenge cha harusi kisije kikagusa mkono wangu, na jambo hilo dogo liliniuma kuliko mengine yote. Niliwaza kwamba imeisha, sasa tutapanda pikapu, na mama atakufa na aibu hii.

Mama mkwe alikuwa pembeni akifukiza ubani. Akaweka chetezo chini, akaja, akachukua chupa, akainusa kwa muda mrefu. Ile kazi ilikuwa yake, alijua anachonusa.

"Mahalabu ya soko yetu," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Na hakuna mutu alijua. Sababu gani ulisema?"

Mama akajibu kutoka mlangoni. "Huyu mutoto yangu. Hawezi kwenda kwa bwana yake na uongo kwa ngozi."

Mama mkwe akafunga chupa, akampa msichana akaiweke nje kwenye pikapu. Akaagiza maji ya moto na beseni, akapiga magoti mbele yangu, akakunja mikono ya gauni lake, akaanza kuniosha mkono wa kulia. Aliosha vizuri, mpaka katikati ya vidole. Shangazi alitaka kumsaidia, akamzuia kwa kiwiko. Waragi ilitoka na maji ya kwanza, lakini sukari ilikuwa imeshika, na ilikuwa imefika mpaka mkono wa kushoto kwa kushikwashikwa na kila mtu.

Kisha akasema, bila kuinua kichwa, "Hii sukari haitoki na mikono ya mutu moja. Kuja, dada yangu. Shika hii mukono ingine."

Mama alikuwa bado amesimama mlangoni na viatu vyake miguuni. Aligeuka akatazama nyuma yake, aone ni nani anayeitwa.