Kikombe cha Maji kwa Kila Mlio

Juzi nilimwona mwanamke dukani akigeuza majani ya mmea kabla ya kuununua, nikamkumbuka mama, alasiri ile huko Gurei, Juba.

Mama alikuwa Mganda mwenye duka la unga. Alikuwa ameleta mmea kutoka soko la Custom, ndani ya kopo la maziwa, akauweka dirishani. Bendera ya uhuru bado ilikuwa mpya vita vilipoanza. Majani yakageuka manjano, nami nikaamini mmea unaogopa bunduki kama mimi. Kila zilipolia, niliumwagia kikombe cha maji ili utulie.

Alasiri hiyo mjomba aliingia mbio. "Dada, gari iko tayari! Watu yote inakimbia kwenda Uganda!"

Mama alikuwa ameketi sakafuni, ameung'oa mmea, akinusa mizizi. Ilikuwa myeusi na laini, ikinuka kama mtaro.

"Maji ni mengi, na kopo haina tundu," alisema. "Nani anamwagia?"

Nikakiri huku nikilia. Bunduki zikalia tena, karibu zaidi. Mama aliendelea kukata mizizi iliyooza kwa wembe.

"Dada, twende!"

"Enda salama, ndugu yangu. Hii duka nilijenga na mikono yangu. Mimi iko hapa."

Nilidhani haogopi. Leo najua aliogopa, ndiyo maana alijikata kidole kwa wembe ule.

Mjomba aliondoka peke yake. Mama akatoboa kopo kwa msumari, akaupanda mmea upya, nao ulipona. Kisha akafungua milango yote miwili ya duka, mtaa mzima ukiwa umefungwa. Jirani alikuja pekupeku akiomba unga, na mama akampimia.